Kilima Kilichokosa Watu

Kilima chetu kiko juu ya Nyeri mjini, kule majani chai yanakoanza, na kwa miaka tuliahidiwa kata ndogo yetu wenyewe. Ofisi, bendera, naibu wa chifu wa kwetu. Sharti lilikuwa moja: watu watoshe siku ya kuhesabiwa. Mzee wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba akitubembeleza, "Hata mtoto wa jana ahesabiwe!"

Shida ni kwamba kwetu mtu hahesabu watoto wake. Ukiwataja idadi, unakionyesha kifo mlango. Mimi niliuita ushamba, lakini mama yangu alikuwa na kaburi la kunijibu. Katika hesabu moja ya zamani alimtajia karani watoto wake wote, mmoja mmoja, na kabla mahindi hayajakomaa akamzika kaka yangu mkubwa. Tangu hapo hakutaja idadi ya kitu chochote chenye pumzi, hata kuku.

Jioni karani alipofika, kijana wa ng'ambo ya mto asiyetujua, mama alikuwa ameshawasukuma wajukuu wake watano kwenye jiko la nje, pamoja na mbuzi. Watatu walikuwa wangu, wawili wa ndugu yangu.

"Mko wangapi hapa, shosho?" akamwuliza mama, akimwita bibi kwa heshima.

"Tuko wawili. Mimi na huyu."

Huyu ni mimi. Nilifungua mdomo, mama akanikanyaga mguu. Mzee wa kijiji, aliyekuwa akimwongoza karani, akatazama mawingu. Watoto wa kwake nyumbani walikuwa wamefichwa pia.

Nyumba nyingi zilifanya vivyo hivyo. Serikali ikaona kilima hakina watu, ikatuunganisha na ng'ambo. Sasa ukitaka barua ya kitambulisho unavuka mto juu ya gogo, na mvua ikinyesha unarudi nyumbani bila barua.

Basi lazima apatikane wa kulaumiwa, majirani wakamchagua mama. Mzee wa kijiji, mnafiki yule, ndiye aliyeanza. "Ni huyu alikula ofisi yetu!" Wakamwita Mama Wawili. Asubuhi tukipima majani chai: "Mama Wawili, hao wawili wako hawajambo?" Kanisani siku ya karamu, wanawake wale wale waliowaficha wa kwao wakapakua githeri, wakatupatia sahani mbili. "Kwani si mko wawili?" Mama akawagawia watoto zote, yeye akalala na chai ya rangi. Nilitamani kuwamwagia ile sufuria kichwani.

Mama alikufa wakati wa mvua. Kibali cha kuzika nilikifuata ng'ambo nikitambaa kwa magoti, gogo likiteleza. Naibu wa chifu wa huko akaja mazishini mwenyewe, akapewa maikrofoni.

"Ati huyu mama aliambia serikali wako wawili! Ebu wajukuu wakuje hapa mbele tuwaone."

Watoto wangu na wa ndugu yangu wakapangwa kando ya jeneza, mrefu hadi mfupi. Akaanza kuwagusa vichwa kwa fimbo, na umati ukaitikia naye kwa sauti: mmoja! wawili! watatu! Kitu hicho hicho mama alichokikimbia maisha yake yote, wakamfanyia akiwa hapo, hawezi kumkanyaga mtu mguu. Nilipiga kelele aache. Spika zilinishinda.

Alipomfikia kitindamimba wangu, akainama na kumwekea maikrofoni mdomoni. "Na wewe, mrembo, sema ukweli. Nyumbani mko wangapi?"

Mtoto alinitazama, akalitazama jeneza.

"Tuko wawili," akasema. "Mimi na shosho."

Walicheka, jamani. Mzee wa kijiji alicheka akishika mbavu, na waimbaji wakakosa kuanza wimbo.

Mimi ndiye niliyeuita ushamba. Sasa nalala nimemwekea huyo mtoto mkono kifuani, nisikie kama bado anapumua.