Shemeji alinibonyezea "I Agree" parking ya kanisa, leo nimeapa mahakamani na kumtaja

Wakuu, habari zenu. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe hapa Lanham, Maryland, Marekani.

Mimi ni care aide, nahudumia wazee. Wabongo wa huku mnaijua desturi yetu: ukipata kazi, onboarding, yaani zile fomu za kuanza kazi unazojaza kwenye simu, hufanyi mwenyewe. Unampa simu mtu anayejua mambo hayo, baada ya ibada, pale parking.

Kwetu mtu huyo ni shemeji, mume wa dada yangu. Yuko kampuni hiyo hiyo, ndiye aliyeniunganisha. Akabonyeza I agree, I agree, mimi huku nakula maandazi. Fasta tu, nikaanza kazi.

Mwaka huu nikapata ujauzito. Daktari akaandika nisinyanyue wagonjwa, nikapeleka HR. Wiki hiyo hiyo wakanitoa kwenye ratiba, baadaye wakanifukuza kabisa.

Niliumia jamani! Na siyo mimi tu, kuna wenzangu waliondoka hivyo hivyo, kimya kimya. Nikasema hawa tutaonana mahakamani, watu wote wasikie.

Wakili mmoja wa mji wa Gaithersburg akaniuliza kama nilisaini arbitration. Nikamjibu kwa kiburi, "Sijasaini chochote!" Akafungua kesi.

Kampuni ikatoa mkataba wa arbitration, kumbe ulikuwa kwenye zile I agree za parking. Jina langu hilo hapo.

Maana yake hakuna hakimu wala jury. Mnasikilizwa faragha na msuluhishi, na kuupinga uamuzi wake ni shughuli pevu. Kulalamika serikalini bado naruhusiwa, ila kesi yangu mwenyewe mahakamani, basi tena.

Wakili akasema upo upenyo mwembamba: niape kwamba siyo mimi niliyebonyeza na wala sikusomewa. Yaani nimtaje shemeji, ambaye bado anakula mshahara wa hao hao.

Nikaenda kwao. Dada akawaka, "Tulikupokea airport na baridi ile, leo unamharibia baba watoto wangu kazi?"

Shemeji akanigeukia, akasema, "Nitaje. Ni kweli sikusoma."

Leo nimeapa. Nimemtaja. Hakimu hajaamua bado, ila shemeji ameshaitwa HR.

Wakuu, onboarding fanya mwenyewe. Ukiona neno arbitration simama, uliza. Mikataba mingine inakupa muda wa kujitoa, ukipita umekwisha.

Haya, uwanja ni wenu, hata kunisema nisemeni. Ila wewe dada yangu, najua umo humu jukwaani unasoma. Pokea simu.