Chai ya Kwa Mama Auma

Nikisikia harufu ya majani ya chai yakichemka juu ya makaa, narudi Yamumbi, kwenye ua wa jirani yetu Mama Auma. Kisima chake kilikuwa fahari ya mtaa. Maji yalikuwa maangavu, baridi ya kuuma meno, na hakuna aliyejali kwamba vyoo vya shimo vya ploti mbili vilikuwa nyuma tu ya ukuta.

Kisha kaka yangu Wafula akashikwa na homa ya tumbo, tukamzika nyumbani Bungoma. Tangu hapo mama yangu akawa, nisameheni, mlafi wa chai. Kwa Mama Auma alikataa kikombe cha maji kabla hata hajaketi.

"Maji na hii baridi? Weka chai, Mama Auma."

Baridi yenyewe mara nyingi haikuwepo. Majani alibeba mwenyewe, yamefungwa kwenye kipande cha gazeti, na alihakikisha kila mtoto pale amekunywa, wake na wa mwenzake. Mtaani wakambandika jina Mama Chai. Niliona haya kweli, hasa nikiwa na kiu na kikombe kinaniunguza midomo. Mama Auma akazoea. Geti likilia tu, sufuria iko jikoni. Hata watoto wake wakitoka shule walikimbilia jagi la strungi, chai ya rangi iliyopoa, si ndoo.

Nilipopata mtoto wangu ndipo nilimuuliza mama sababu ya chai ile.

"Daktari alisema ni maji," akanijibu. "Sasa ningemwambia Mama Auma aje? Wafula akitoka kucheza alikuwa anamkimbilia yeye kwanza. Alimpea hayo maji juu ya vile alimpenda."

Mama alitutoka mwaka jana. Juzi nilimpeleka binti yangu akamsalimie Mama Auma. Siku hizi ana maji ya mfereji, na kisima kimefunikwa kwa saruji. Mtoto akaomba maji. Mama Auma akamkalisha kando yake, akamwambia angoje chai. Nikacheka, nikasema haya ni ya mfereji, hayana neno.

Hakucheka. Alikuwa akimpapasa mtoto nywele.

"Mtoto wa kwenu sijampea maji tangu Wafula," akasema.

Kumbe alijua. Miaka yote ile wanawake wawili walikuwa wakinyweshana chai, kila mmoja akificha jambo lile lile ili asimuumize mwenzake. Nilitamani sana kumwambia mama, na mama hayupo. Nikapokea kikombe, nikanywa kikiwa moto hivyo hivyo.