Mlolongo wa Wasio na Kura

Nilipofika Uingereza kufanya kazi ya kutunza wazee, jambo la kwanza nililoambiwa na Wakenya wenzangu lilikuwa kwamba nina haki ya kupiga kura. Kitanda sikuwa nacho, koti la baridi sikuwa nalo, lakini kura ilikuwa inanisubiri. Kenya iko ndani ya Jumuiya ya Madola, wakanieleza, na mtu wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali huchagua viongozi wa hapa kama mwenyeji. Habari hiyo ilinipendeza sana. Nilivimba kichwa, na sikusikiliza maelezo yaliyofuata.

Jirani yangu pale Stechford, mtaa wa Birmingham, hakuwa na bahati hiyo. Yeye ni Mkongo wa Uvira. Alikuja hapa kama mkimbizi, akakaa miaka kumi na minne, akasafisha ofisi za watu, akalea watoto watatu ambao sasa wanajitegemea na wanamjibu kwa Kiingereza. Lakini Kongo haimo katika Jumuiya hiyo, na uraia hajaupata. Mtihani wake ulimshinda mara mbili, kwa sababu hakuona maana ya kukariri majina ya wake wa mfalme aliyekuwa akiwakata vichwa. Nilimwita yaya, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa. Kwetu yaya ni msichana wa kulea watoto, kwa hiyo wiki za mwanzo nilikuwa nikimwita kwa sauti ya chini, nikiona kama ninamkosea adabu.

Siku nilipomweleza habari za kura yangu, alitaka kujua nchi zote zilizomo katika hiyo Jumuiya. Nikamtajia Tanzania, Uganda, Nigeria.

"Na Rwanda?"

"Rwanda pia iko, yaya."

Akarudi kwenye mboga zake, akazichambua mpaka zikaisha.

Mwezi wa pili mwaka ule, mchana, yaya akiwa kazini, watu walivunja mlango wake wa nyuma wakaingia. Alipowapigia polisi waliuliza kama wezi bado wamo ndani. Akasema hapana. Basi wakampa namba ya kesi, wakamwambia atapigiwa. Namba ile aliiandika kwa kalamu nene akaibandika kwenye friji. Mwenye nyumba alikuja akapigilia ubao mlangoni, akasema atarudi kuweka mlango mpya, akapotelea huko. Yaya akasukuma sofa mpaka jikoni, akaliegemeza kwenye ubao, na tangu siku hiyo akawa analala kwenye sofa hilo na nguo zake za kutwa. Kitanda chake cha ghorofani kilibaki kimetandikwa vizuri.

"Maisha yangu yote mi nakimbiaka polisi," aliniambia. "Nimekimbia polisi ya Uvira, nimekimbia ya njiani, hata ya kambini. Sasa huyu nimemwita mi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na hakukuya. Vraiment, kweli kabisa, dada, ni ajabu."

Hakuwa anadai makubwa. Alitaka polisi mmoja aje, hata kwa dakika kumi, aingie ndani, auone mlango. Kila nilipopita kwake baada ya kazi aliniuliza kama nimeona gari lao mtaani.

Ndipo ukaja uchaguzi wa Kamishna wa Polisi. Wenyeji wengi wa hapa hawajui kwamba cheo hicho kipo, na nasikia sasa serikali inataka kukifuta kabisa, lakini wakati ule kilikuwepo. Ni mtu anayechaguliwa na wananchi kumsimamia mkuu wa polisi wa eneo zima, kitu kama yule sherifu wa kwenye sinema za Wamarekani, ila huyu wa hapa hana farasi wala bastola, ana ofisi na wasaidizi. Karatasi za wagombea zilidondoka mlangoni pamoja na matangazo ya piza. Yaya alizisoma zote mara tatu. Mimi nilisoma za piza.

Mgombea mmoja alikuwa amepigwa picha na mbwa. Wa pili alivaa koti la manjano la kung'aa na kunyoosha kidole kuelekea ukutani palipoandikwa matusi. Wa tatu hakuweka picha, ila aliandika kwamba akichaguliwa, kila nyumba itakayovunjwa itatembelewa na polisi. Yaya aliikata sehemu hiyo kwa mkasi, akaibandika kwenye friji, chini ya namba yake.

Kanisa letu dogo lilikodi ukumbi kule Sparkbrook, na mimi nilikuwa katibu wa akina mama. Cheo kidogo, lakini nilikibeba kama uwaziri. Jumapili moja baada ya ibada nilisimama nikatangaza kwamba sisi Waafrika tunadharauliwa kwa sababu hatupigi kura kwa pamoja. Tukae, tuchague mgombea mmoja, tumpe kura zetu zote. Mzee mmoja Mtanzania, mtu mpole mno, aliomba kuuliza kama pengine ingefaa kwanza tuzijadili sera zao, kwa utaratibu, tukianza na huyu wa mbwa. Nikamshukuru kwa mchango wake, kisha nikaendelea kana kwamba hakusema kitu.

Nilipendekeza mlolongo. Wakenya wa umri wangu wanaujua: zamani kwetu watu walipiga kura kwa kusimama foleni nyuma ya picha ya wanayemtaka, na mstari mrefu ndio ulioshinda, isipokuwa pale ambapo mstari mfupi ndio ulioshinda. Nikapanga viti vitatu mbele, nikabandika karatasi za wagombea kwenye migongo ya viti, nikasema kila mtu asimame nyuma ya kiti chake.

Yaya alikuwa wa kwanza kuinuka. Alikwenda akasimama nyuma ya kile kiti kisicho na picha, mkoba kifuani, macho mbele. Akina mama wa kwaya wakamfuata kwa sababu wanampenda. Waume zao wakafuata kwa sababu mstari ulikuwa tayari mrefu. Kwenye kiti cha mbwa alisimama mzee wa Tanzania peke yake, akisema anafanya hivyo ili tu kuwe na ushindani. Kwenye kiti cha koti la manjano hakusimama mtu.

Nilihesabu mstari wa yaya: watu thelathini na mmoja. Ukumbi ulipiga vigelegele. Kisha mzee wa Tanzania, kwa upole uleule, akauliza ni wangapi katika mstari ule wana haki ya kupiga kura.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Niliomba mikono. Ukanyanyuka mkono wa muuguzi mmoja Mkenya, na wangu. Yule muuguzi akasema Alhamisi ya kura atakuwa Nairobi kwenye harusi ya dada yake. Wengine wote walikuwa Wakongo ambao, kama yaya, hawajapata uraia. Walikuwa wamesimama kwa heshima na bidii nyuma ya mtu wasiyeweza kumchagua. Hakuna aliyetoka kwenye mstari. Yaya aligeuka akaniangalia mimi, na wote thelathini wakageuka.

"Basi iko weye," yaya alisema.

Nikaweka mkono kifuani. Nikasema mbele ya kanisa zima, "Kura yangu ni yako, yaya. Hiyo ni promise." Wakapiga makofi. Nakiri nilijisikia mtu mkubwa sana siku hiyo.

Alhamisi yenyewe niliamka alfajiri. Kwetu usipowahi foleni ya kura utapigwa na jua mpaka saa nane, kwa hiyo nilibeba chupa ya chai, kigoda cha kukunja na pasipoti yangu, nikafika kwenye ukumbi wa kupigia kura saa kumi na mbili kasoro. Nilimkuta bwana mmoja akimtembeza mbwa wake. Akaniuliza kwa huruma kama nangoja basi, kwa sababu kituo kilikuwa upande wa pili wa barabara. Nikamwambia nangoja uchaguzi. Akasema, "Oh," akaondoka haraka.

Milango ilifunguliwa saa moja kamili. Ndani palikuwa na meza, vibanda viwili vya mbao, penseli zilizofungwa kwa kamba, na bibi mmoja mwenye miwani. Nilimpa pasipoti. Akapitisha rula juu ya majina ya mtaa wetu, polepole, akarudia. Nyumba yangu ilikuwepo. Jina la mpangaji aliyenitangulia, ambaye amehamia Kanada, lilikuwepo. Mimi sikuwepo.

"Ulijiandikisha, bab?" aliuliza. Hapa Birmingham bab ni neno la upendo, wanamwita yeyote, na hata hivyo lilinichoma.

Nikakumbuka barua. Zilikuja barua za kaunsili, serikali ya mji, tatu au nne, zikiwa na maandishi makubwa ya kuniomba nisizipuuze. Migongo yake ilikuwa safi, na mimi nilikuwa nikiandika humo orodha za sokoni. Muda wote ule niliamini kwamba mtu wa Jumuiya ya Madola huandikwa tu bila kuomba, kama mvua inavyonyesha. Bibi yule alinieleza vizuri jinsi ya kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi mwingine. Nilibeba kigoda changu nikatoka, nikapanda basi kwenda kazini Kings Heath, na chai sikuinywa.

Saa saba mchana simu ililia. Ilikuwa yaya.

"Umechagua?"

"Nimechagua, yaya."

"Ule wa mlango?"

"Huyo huyo."

"Asante, dada. Ukitoka, pitia kwangu. Nataka nione kidole."

Kwao na kwetu ukishapiga kura kidole huchovywa kwenye wino, na watu hutembea wamekiinua. Hapa hawachovyi kitu. Ningemwambia ukweli huo mmoja, tena mdogo, ningekuwa nimeokoka. Lakini mtu akishadanganya hujiona ana deni la ushahidi. Nilikwenda kwenye ubao mweupe tunapoandikia zamu za kazi, nikachukua kalamu ya bluu, nikajipaka ukucha na ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kama wanavyofanya kwetu. Mzee mmoja ninayemtunza aliniona, akaniambia pamependeza.

Saa kumi jioni nilikuwa jikoni kwa yaya. Alikuwa amepika sambaza wakavu, wale dagaa wa kwao, na ugali wa muhogo, amevaa kitenge chake kizuri, kama mtu mwenye mgeni wa heshima. Sofa lilikuwa palepale kwenye ubao, na blanketi limekunjwa juu yake. Alikamata mkono wangu, akaupeleka dirishani penye mwanga. Akakiangalia kidole. Halafu akalamba kidole gumba chake, akasugua mara mbili. Rangi yote ikahamia kwake.

"Ya kweli haitokake," alisema. "Mi nilichagua mara moja kule kwetu. Nilifua nguo, nilitwanga, nililima, ile rangi ikakaa wiki tatu."

Nikaurudisha mkono wangu, nikaufunika kwa mwingine.

"Polisi walinipa namba. Weye unanipa rangi."

Nikamwambia yote: orodha, bibi mwenye rula, barua, migongo ya barua. Nilikuwa naona aibu mpaka masikio yanawaka. Yeye alicheka kidogo, kicheko ambacho sikukipenda.

"Kumbe hata weye hauna," alisema, akanawa kidole chake, akaniwekea sahani mbele.

Mgombea wetu alishindwa vibaya, nilijua siku mbili baadaye, na kura yangu isingemwokoa. Hilo halikunisaidia baadaye na lisingenisaidia siku ile. Nilikula nikiwa nimeinama. Nilitafuta swali lolote la kuuliza ili nisisikie tunavyotafuna, na nilipolipata nilishtuka, kwa sababu tangu mwezi wa pili sikuwa nimeliuliza. Nilikuwa nimehutubia, nimepanga viti, nimehesabu watu, lakini hilo sikuwa nimemuuliza.

"Yaya, walichukua nini?"

"Nani?"

"Wezi."

"Habakubeba kitu." Alifuta meza, ingawa ilikuwa safi. "Balifungua makabati, balifungua friji, hata godoro baligeuza. Mi nilihesabu vyote. Kila kitu iko."

"Basi ulikuwa na bahati," nilisema.

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto.

"Bahati gani, dada? Kwetu, bakikosa kitu siku ya kwanza, banarudiaka. Mi nataka mtu wa serikali akae hapo penye umekaa, aniambie hapa habarudiake."

Aliyetakiwa kumjibu ni polisi, na polisi hajafika mpaka leo.