Ghala la Mjomba

Saa moja kasorobo asubuhi, Bi Fundi anafungua ukumbi wa kompyuta wa maktaba. Hawashi taa. Anasimama mlangoni, mkono ungali kwenye kitasa, anasikiliza.

Kompyuta zote kumi na nne zimezimwa. Kwenye kabati la pembeni, diski kuukuu inakwaruza taratibu, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

"Hodi, Mjomba," anasema. Ni utani, lakini hacheki.

Mjomba wake ndiye aliyemfundisha Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hizi, na ndiye aliyechagua programu zinazopakuliwa zihifadhiwe kwenye diski hiyo. Mtandao hapa unasuasua. Faili moja huweza kula siku nzima. Kwa hiyo hupakuliwa mara moja, likawekwa ghalani, mashine zote zikachota humo. "Akiba haiozi," mzee alizoea kusema.

Alifariki miaka miwili iliyopita. Wiki ileile Bi Fundi aliifuta ratiba ya mzee ya kupakua faili kiotomatiki. Hata hivyo, kila siku saa moja na dakika saba asubuhi, faili jipya huingia ghalani, na huwa ndilo litakalohitajika siku hiyo.

"Nimepekua kila kona, sioni linakotoka," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Niliogopa, sikufichi. Siku hizi ninachoogopa ni lisipokuja."

Sasa diski inakufa. Ikizimika, wanafunzi arobaini wenye mtihani wiki ijayo watakosa programu zao. Kuhama ni kubadili mstari mmoja tu wa mipangilio, ule unaotaja folda ya ghala, lakini ameahirisha miezi mitano.

Mama yake, dada wa marehemu, amechoka kumsihi. "Mwanangu, aliyeondoka mwache aende. Hamisha hivyo vitu!"

Leo anahamisha. Ananakili ghala lote kwenye diski mpya, anamwomba mwandishi ageuke, kisha anaandika jina la folda alilolibuni mwenyewe. Anachomoa diski ya zamani, anaifunga kwa kitambaa. Machozi yanamtoka.

Kesho yake asubuhi anampigia mwandishi simu. Anaongea kwa kunong'ona.

"Faili limekuja. Kwenye folda mpya. Na jina lake sijamwambia mtu!"

Faili gani?

"Programu ya kukagua afya ya diski. Nimeiendesha. Hii mpya ni mbovu, ingekata roho katikati ya mtihani."

Leo atairudisha dukani, achukue nyingine. Ana siku tano, na anasema zinatosha.

"Na hiyo nyingine," anaongeza, "jina la folda nitalitamka kwa sauti. Mtu mzima asihangaike kutafuta."