Mtoto Asiyesumbua

Usiku ule mjukuu wangu hakulia hata mara moja, nami nikamshukuru Mungu. Nilikuwa nimechoka. Mwanamke wa umri wangu kuamka na mtoto mchanga si mchezo, na Yohana alikuwa na wiki saba tu tangu azaliwe. Mama yake, binti yangu Doto, alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua, kwa kutokwa damu. Baba yake yuko machimboni, kazi yake kututumia makopo ya maziwa ya unga. Malezi yaliniangukia mimi, na sikulalamika. Nimezaa sita, sikuona nani angenifundisha kulea.

Ndivyo nilivyomjibu nesi wa kituo cha afya, yule binti mwembamba mwenye miwani. Alinikalisha akanieleza kama mtoto wa darasa la kwanza. Kijiko kilichomo ndani ya kopo, kisawazishwe kwa kisu, kimoja kwa kila alama ya maji kwenye kikombe cha kupimia, kama kopo linavyoelekeza. Maji usiongeze, unga usipunguze. Mtoto wa umri huu ale kila baada ya saa mbili au tatu, kama mara nane kutwa kucha, na akizidisha kulala umwamshe. Nikamuuliza, "Wewe umezaa wangapi?" Akainamia kadi ya mtoto. Kina mama kwenye benchi wakacheka, nami nikaondoka kifua mbele.

Nyumbani nikafanya ninavyojua. Sisi wa huku upande wa Nzega ni watu wa ng'ombe, na tangu niolewe naambiwa kwamba maziwa ni mazito kwa tumbo changa. Unayakata kwa maji, nusu kwa nusu, ndipo unampa mtoto. Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha. Basi hata hayo ya kopo niliyachanganya kama nesi alivyosema, kisha nikayamimina kwenye kikombe cha bati na kuyakata kwa maji yaliyochemka, nusu kwa nusu, yasimlemee. Nilimpa asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Kumwamsha? Nani mwenye akili anamwamsha mtoto aliyelala? Mwanzoni alilia sana. Baadaye akapunguza. Wiki ile akawa hasumbui kabisa, na majirani waliokuja kunitazama walisema, "Mama Kulwa, Mungu amekuhurumia, amekupa mtoto mtulivu."

Naitwa Mama Kulwa mpaka leo, ingawa Kulwa hakufikisha miezi mitatu. Alikuwa pacha wa Doto, yeye ndiye aliyetangulia kutoka. Wakubwa walisema maziwa yangu hayawatoshi wawili. Doto alikuwa mlizi, akabaki kifuani kwangu. Kulwa akachukuliwa na mama mkwe, akalelewa kwa maziwa ya ng'ombe. Alikuwa mtulivu mno, na siku moja asubuhi hakuamka. Tulisema Mungu kampenda zaidi, tukazika.

Basi nilijilaza na mjukuu wangu ubavuni, usingizi ukanichukua mzimamzima.

Nikajikuta jikoni. Moto unawaka, na Doto amekaa kwenye kigoda anauchochea, amejifunga khanga ya bluu aliyokwenda nayo kujifungua. Sikushangaa kumwona. Nilimkemea kwa sababu ameacha mlango wazi na kuku wameingia. Ananitazama tu, kisha ananyoosha mkono.

"Mama, nina njaa."

Nachukua kikombe cha mtoto, kile cha bati kilichochorwa ua jekundu ndani, chini kabisa. Namjazia maziwa. Anakunywa yote, anakirudisha. Namjazia tena, anakunywa, anakirudisha. Kila nikimimina, maziwa yanazidi kuwa mepesi, mpaka naliona lile ua kikombe kikiwa kimejaa, kila jani lake. Tumbo lake limevimba na mashavu yamebonyea. Akijisogeza kigodani nasikia maji yakicheza ndani yake kama ndoo inayobebwa.

"Kunywa, mwanangu," namwambia, "kikombe kimejaa."

"Hata mimi nimejaa, Mama. Sijashiba."

Nilitaka kumjibu, lakini jiko halikuwepo tena. Tuko zizini, asubuhi ya baridi, mavi ya ng'ombe yanafuka mvuke. Ng'ombe ni wengi kuliko tuliowahi kuwa nao, viwele vimejaa, na hakuna hata mmoja anayetoa sauti. Mama mkwe, ambaye tulimzika mwaka Doto alipoanza shule, ameinama katikati yao ametupa mgongo. Anamimina maji kutoka mtungini, yanaingia kwenye kibuyu cha maziwa. Anamimina bila kupumzika na kibuyu hakijai. Ninamwamkia, nimepiga magoti kama inavyotakiwa. Haitikii. Naona haya, nadhani nimemkosea kitu.

Doto sasa yuko upande wa pili wa zizi, amebeba mtoto aliyefunikwa gubigubi. Napenya kati ya ng'ombe kumfuata. Najua ni Yohana, na hasira inanipanda: nani kamtoa kitandani na baridi yote hii?

"Nipe mume wangu," namwambia, maana ndivyo ninavyomtania yule mtoto.

"Mshike," anasema.

Namshika. Hana uzito. Nimewahi kuokota vifaranga waliokufa kwa kideri, walikuwa wazito kuliko yeye.

"Mbona halii?" Doto ananiuliza.

"Mtulivu huyu," najibu, na ninaisikia sauti yangu inavyojivuna. "Hasumbui."

Anafunua khanga kidogo, upande wa miguu. Kwenye kifundo pana uzi wenye shanga moja nyeupe. Uzi ule niliusokota mimi, shanga ile niliifunga mimi, siku mapacha walipozaliwa, ili nisikosee kujua Kulwa ni yupi. Sikumfunga mtoto mwingine yeyote shanga kama ile. Na sikuifungua tulipomzika.

"Huyu naye mlisema mtulivu," anasema Doto.

Nikakaa palepale kwenye mavi. Nataka kumtazama Kulwa usoni na siwezi. Naogopa, mimi niliyemzaa. Mama mkwe bado anamimina, nasikia maji yanavyoanguka kibuyuni, na natamani mtu amwambie aache, lakini huyo mtu ni mimi na bado nimekaa.

"Mama," Doto anasema, taratibu, bila ukali. "Mimi ulininyonyesha mara ngapi kwa siku?"

"Nani alihesabu, mwanangu? Ulikuwa ukilia, nakupa."

"Na yeye alikuwa akilia," anasema. "Mwanzoni."

Anamchukua mwenzake kutoka mikononi mwangu, anamkumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Ng'ombe wanaanza kutoka mmoja mmoja, kwato zao hazisikiki. Anafuatana nao. Namwita, nalia kwa sauti ya msibani, namwambia aniachie hata mmoja. Anageuka langoni.

"Mikono yangu imejaa, Mama. Usiniletee wa pili."

Niliamka jogoo wa kwanza anawika, uso wangu umelowa. Nikapapasa ubavuni. Yohana alikuwepo. Mikono yake ilikuwa ya baridi, midomo imekauka, na nilipopitisha kiganja kichwani nikaona utosi umedidimia. Nikamwita, hakufumbua. Nikamkuna nyayo. Akafumbua macho, akakunja uso wote, akapanua mdomo, na sauti haikutoka. Alikuwa analia. Sijui alikuwa analia hivyo kwa siku ngapi, mimi nimempa mgongo namshukuru Mungu.

Nilichemsha maji kwa haraka, hata vijiti vya kiberiti vikanikatikia vitatu. Nikatafuta kisu. Nikasawazisha kijiko, kimoja kwa kila alama, nikihesabu kwa sauti, yale yale niliyoyacheka kwenye benchi. Mkono wangu kwa mazoea ukaenda kwenye birika la maji ya kukatia. Nikalichukua nikaenda kulimwaga nje. Mtoto alimeza kidogo akasinzia, nikamwamsha. Akameza tena akasinzia, nikamwamsha tena. Nilijiona mjinga mzee, na ndivyo nilivyokuwa. Kabla jua halijachomoza nilikuwa nimemfunga mgongoni, nagonga kwa jirani mwenye pikipiki.

Nesi alikuwa yule yule. Hakunikumbusha kicheko cha siku ile. Alimtundika Yohana kwenye mizani, akatazama kadi, akatazama mizani mara ya pili. Mtoto alikuwa amepungua badala ya kuongezeka. Alisema analazwa sasa hivi, na kwamba ningechelewa siku mbili tusingekuwa na la kuzungumza.

"Anakula mara ngapi, bibi? Na mnachanganyaje?"

Nikamweleza yote, mara nne kwa siku, na maji nusu kwa nusu. Nilidhani nitaona haya, lakini haya yangu niliyaacha kule zizini.

Tulipokwisha kumlaza mtoto wodini, akaanza kuandika. "Jina la mlezi?"

"Mama Kulwa."

"Huyo Kulwa ndiye mwanao mkubwa? Anaweza kuja mpokezane? Huyu atalishwa kila saa mbili, usiku na mchana, na peke yako hutaweza."

"Hayupo. Alifariki akiwa mchanga."

"Pole sana, bibi." Kalamu yake ikasimama. "Aliugua nini?"

Tangu ujana wangu watu wameniuliza hilo, na miaka yote nimejibu kwamba Mungu alimpenda. Mgongoni kwangu hapakuwa na mtu. Yohana alikuwa kitandani, mrija puani, kimya. Nesi alikuwa ananitazama kupitia miwani yake, anasubiri.

"Njaa," nikamwambia. "Zizi lilikuwa limejaa ng'ombe, mwanangu, na alikufa kwa njaa."