Nakutolea Kodi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Mhasibu Mkuu hakunionyesha hata pa kutundika koti. Aliniuliza: mteja akilipa dola mia moja na kumi na tano, duka limeuza kiasi gani? Nikajibu upesi kwamba ni hizo hizo. Akacheka. Alikuwa Muismaili wa Mwanza, na akitaka jambo likuingie alilisema kwa Kiswahili.

"Limeuza mia. Saba ni za serikali kuu, nane za jimbo. Mwenye duka anazishika tu."

Ofisi yetu ilikuwa Scarborough, huku ughaibuni, juu ya duka la mikate. Mimi, Mgoa wa Moshi, nilianzia mapokezi, nikahamia meza ya kodi ya mauzo. Baadaye, ile saba ikiwa imeshashuka hadi tano, kodi zile mbili zilipounganishwa kuwa moja ya asilimia kumi na tatu, Meneja akanikabidhi wauzaji wadogo, wa mtandaoni na wa meza za maonyesho. Wenzangu waliona nimeshushwa cheo. Mimi nilifurahi, maana hawa ni watu wa maneno, na mimi napenda maneno.

Niliwaeleza kwamba ambaye mauzo yake hayazidi dola elfu thelathini katika robo nne mfululizo za mwaka halazimiki kujisajili, na asiyejisajili asitoze kodi. Akivuka, ajisajili. Akituma mzigo jimbo jingine, atoze kwa kiwango cha huko uendako. Kodi aliyolipa yeye kwa kukodi meza anaikata kabla ya kupeleka inayobaki. Hapo hakuna uchawi.

Mama Neema wa Malvern alikuwa ameshavuka na kujisajili. Alishona majoho ya kitenge na kuyauza kwenye maonyesho ya wapenzi wa katuni, katikati ya vijana waliojipaka uso rangi ya kijani. Binti yake, Neema, alimfungulia duka la mtandaoni, na sasa alitaka biashara iandikwe kwa jina lake. Mama alikataa bila kutoa sababu. Neema alinilalamikia kwa Kiingereza, mama akiwa amekaa pale pale anaangalia viatu vyake.

Nikaenda kumtazama mama mezani pake, kwenye maonyesho. Kijana alishika joho, akasita kwa ajili ya bei. Mama Neema alikulia sokoni Arusha, hamwachi mteja aondoke hivi hivi. Akamsifu, kisha akamwambia kwamba kwa leo anamtolea kodi. Aliyefuata akatolewa vilevile. Jamani! Kodi haiondoki kwa kusamehewa na muuzaji; anadaiwa yeye, toka mfukoni mwake.

Nilikasirika, na nilimwambia hivyo. Akakunja joho polepole.

"Najua, Dada Philo. Nimejua tangu mwaka juzi. Ndiyo maana simpi mtoto. Nimpe deni? Bora niifunge."

Hasira ikaniisha, nikamwonea huruma.

Mhasibu Mkuu alikuwa na jibu moja tu: anayejitokeza kabla ya kuitwa na mamlaka ya kodi hatendewi kama aliyekamatwa. Nilimbembeleza Mama Neema mpaka akakubali, tukajieleza kwa maandishi. Faini ikafutwa. Kodi yenyewe na sehemu ya riba akalipa kidogo kidogo, na mezani akaanza kuandika bei ambayo kodi imo ndani. Akitaka kumpunguzia mtu, alipunguza faida yake.

Sasa nimestaafu, naishi Weston, na treni zikipita sikimbilii hata moja. Wauzaji wa leo mtambo huwapigia hesabu, nami nashukuru. Sitamani kurudi, ila watu wale nawakumbuka.

Mama Neema alikamilisha malipo mwaka wangu wa mwisho kazini. Hakunipigia simu mimi. Alimpigia binti yake, aliyekuwa kazini, naye akatoka mbio akidhani mama anaumwa.

"Njoo na kitambulisho," alimwambia kwenye simu, basi. Alipofika, mama akamalizia: "Biashara ni safi. Ichukue."