Ana Uwezo, Apunguze Shughuli

Kibao kilichotundikwa juu ya mlango wa karakana yake kilikuwa kirefu kuliko mlango wenyewe. Mchoraji alianza kwa herufi nene, VIATU, akashuka na MABEGI, MIKANDA, ZIPU, MIAVULI, MASANDUKU, na alipofika MAPAMBO YA HARUSI nafasi ikamwishia, ikabidi neno la mwisho alipandishe pembeni kama mjusi ukutani. Wateja walikuwa wakipinda shingo kulisoma. Mwenye karakana hakuona ubaya wowote. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwepesi wa mwili na mzito wa mikono, na mtaa mzima ulimwita Mama Dakika Moja, maana hilo ndilo jibu alilompa kila aliyemwita: "Naja, dakika moja tu!" Dakika yake moja ungeweza kuipikia maharage, yakaiva.

Hakuwa mvivu hata chembe. Alfajiri alikuwa ameshafungua, na mlangoni kuna mtu na begi lililochanika. Saa sita yuko shuleni kwenye kamati ya wazazi, yeye ndiye katibu. Alasiri yuko juu ya ngazi kwenye ukumbi fulani, midomo imebana pini, anafunga vitambaa vya harusi ya watu asiowajua hata kwa sura. Tatizo lake lilikuwa moja: hakujua kukataa. Mtu akimwomba jambo, moyo ulijibu kabla kichwa hakijaulizwa.

Na katikati ya pirikapirika hiyo kulikuwa na kitu alichokijua yeye, na katika mji ule hapakuwa na mwingine wa kukijua. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa viatu vya wagonjwa hospitalini. Alimfundisha binti yake kushona kiatu cha mguu uliopinda, cha mguu mfupi, cha mguu uliopoteza vidole. Kazi hiyo haiendi mbio. Mguu upimwe, umwagiwe plasta, umbo lake lichongwe kwenye mti, kiatu kijaribiwe mara tatu au nne kabla ya kushonwa moja kwa moja. Zipu ni dakika kumi. Tena mwenye zipu hupiga kelele, na mwenye mguu mbaya amezoea kungoja tangu azaliwe. Basi kila siku zipu zikatangulia.

Ndipo akaja Mwalimu. Alikuwa bibi mstaafu, mwenye miwani mizito na fimbo, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole vitatu.

"Miaka thelathini na moja nimefundisha jiografia nikiwa nimekaa kitini," alisema. "Watoto wa watu nimewafikisha ncha za dunia kwa kuonyesha ramani. Sasa nataka safari yangu mwenyewe, moja tu. Kutoka nyumbani mpaka maktaba, kila asubuhi, kwa miguu yangu hii."

"Utakwenda, Mwalimu. Nipe wiki tatu."

Wiki tatu zikawa sita, sita zikawa tisa. Kila Mwalimu akipita alikuta umbo la mguu wake liko rafu ile ile, limeshika vumbi. Hakugomba. Aliuliza, akajibiwa, akaenda zake akichechemea.

Viatu vilikamilika siku ya Jumamosi ambayo haikustahili kuzaa kitu chochote kizuri. Asubuhi kulikuwa na ukumbi wa kupamba, mchana mkutano, na katikati Mama Dakika Moja alishona soli huku jicho moja liko kwenye saa. Mwalimu alipofika, akamvalisha upesi upesi, akamwambia atembee hatua tano pale sakafuni.

"Vipi, safi?"

"Naona safi," alisema Mwalimu, kwa sauti ya mtu anayetaka iwe hivyo.

Siku ya kumi alirudi. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu kipya, wa kushoto ulikuwa na ndala, na kiatu chake kiko mkononi. Alikaa kwenye benchi kando ya kinyozi wa duka la jirani, aliyekuwa akisubiri mkanda wake, akainua mguu polepole. Nyuma ya kisigino kulikuwa na kidonda kibichi, chekundu kama pilipili. Fundi alipiga magoti. Alikichukua kiatu, akakitazama kwa nyuma, akaona mara moja alichotakiwa kukiona Jumamosi ile: soli imelala upande. Kitu kidogo, unene wa ukucha. Lakini mguu una kumbukumbu kuliko mahakama.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nipe kalamu."

Akapewa kalamu na kipande cha karatasi ya kukatia vielezo vya viatu. Mwalimu aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, akamkabidhi. Ilisomeka: *Kazi ya mkono: nzuri sana. Ana uwezo, apunguze shughuli.*

Kinyozi alichungulia, akacheka, kisha akaona nyuso za wale wawili, akakimeza kicheko chake.

"Watoto wote wa mji huu niliwaandikia 'aongeze bidii'," alisema Mwalimu akiinuka. "Wewe ukiongeza nyingine tutakuzika, mwanangu. Uzi wako umenyooka, ngozi umeichagua vizuri. Ila mwenyewe hukuwemo."

Jioni ile alimsimulia mumewe, ambaye alikuwa muuguzi wa vidonda na kwa hiyo alitaka kwanza kujua kidonda kina ukubwa gani na kimekaa wapi. Alikuwa akikata vitunguu, na macho yalikuwa yakimtoka machozi yasiyo na huzuni.

"Hicho kitapona ndani ya wiki mbili," alisema. "Swali ni wewe, mama watoto. Wewe utapona lini?"

Mkewe alimgeukia binti yao, mwenye miaka kumi na miwili, aliyekuwa akifanya hesabu za shule mezani. "Nipe ukurasa mmoja wa daftari lako. Kuanzia kesho nitakuwa nakuambia nimefanya nini na kwa muda gani. Wewe andika, usinionee huruma."

Binti hakumwonea huruma. Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, alisoma kama karani wa baraza. Zipu na mabegi, saa kumi na tisa. Mapambo, saa kumi na nne. Mikutano, saa tisa. Kutafuta vitu vilivyopotea kwa sababu ya haraka, saa nne. Miguu, saa tatu.

"Tatu?"

"Tatu, Mama. Na mimi nimejiandika hapa chini, nusu saa. Siku ile uliponisuka. Ingawa muda mwingi ulikuwa unaongea na watu wa harusi kwenye simu. Nilikuwa sijui niandike mstari gani."

Mwanamke mwingine angelia, na asingelaumiwa. Yeye alikuwa fundi, na fundi hupima kwanza ili apate kukata. Kipimo alikuwa nacho mkononi. Alikitazama kwa muda, akamvuta binti yake karibu, akasema, "Ahsante. Umeandika vizuri." Halafu akakata.

Jumatatu asubuhi alipanda ngazi na kopo la rangi nyeupe, akakifuta kibao chote. Kilipokauka, aliandika mwenyewe, kwa herufi zilizoyumba kidogo: VIATU VYA MIGUU YENYE SHIDA.

Kinyozi alitoka dukani kwake na mkasi mkononi, akamwacha mteja nusu kichwa kimenyolewa.

"Dada, unafanya nini? Unajifungia riziki kwa kufuli halafu unameza ufunguo?"

"Naifungulia mlango mmoja. Ilikuwa inaingilia dirishani."

"Na mkanda wangu?"

"Wako namalizia, nilikuahidi. Ukikatika tena, nyuma ya soko kuna mzee anashona mikanda kunishinda."

"Wewe unasema hivyo?"

"Nasema hivyo, na ni kweli. Rudi ndani, mteja wako anakimbia."

Kufuta kibao kulikuwa rahisi, rangi haijibu. Watu ndio walikuwa kazi. "Hapana" yake ya kwanza aliitoa kwa mwanamke mwenye sanduku lililovunjika kishikio, na aliizungushia maelezo marefu mpaka yule mama akaanza kumpa pole, akidhani kuna msiba. Ya pili ilikuwa fupi kidogo. Kufikia mwisho wa wiki alijifunza kusema, "Hiyo siifanyi siku hizi, nenda kwa fulani, atakufanyia vizuri," na akashangaa kwamba watu walishukuru, wakaenda. Hakuna aliyezimia.

Pigo lenyewe lilikuwa kwenye kamati ya wazazi. Alifika mkutanoni na hotuba yote kichwani, akaeleza kwamba anaacha ukatibu, na akajiandaa kubembelezwa. Mwenyekiti alishika kidevu. "Sasa nani ataweza kazi hii?" Mama Dakika Moja alikuwa ameshaanza kulainika, karibu aseme basi nitabaki mwezi mmoja, pale mkono ulipoinuka nyuma kabisa. Alikuwa fundi bomba mmoja mpole ambaye hajawahi kusikika akizungumza.

"Mimi naiweza," alisema. "Miaka minne nasubiri nafasi. Niliogopa kumwudhi mama."

Alirudi nyumbani akijicheka njia nzima. Kumbe kiti alichodhani amekibeba, alikuwa amekikalia, na mwenzake amesimama.

Kisha akaenda kwa Mwalimu. Kidonda kilikuwa kimefunga. Alibisha hodi na mkoba wa vipimo begani, akasema, "Leo sitaki utembee sakafuni. Twende maktaba."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, polepole, ushike mkono wangu. Nataka kuuona mguu ukiwa kazini kwake."

Wakaenda. Ulikuwa mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye miguu mizima, wao ukawachukua karibu saa nzima, na fundi hakutazama saa hata mara moja. Alitazama kisigino. Kwenye barabara tambarare mguu ulikwenda sawa. Walipoanza kupanda kilima kidogo kilicho mbele ya maktaba, aliona: Mwalimu alikuwa akiutupa mguu nje, unyayo ukijipinda upande, na hapo ndipo ngozi iliposugua. Karakana yake ilikuwa na sakafu bapa kama sahani. Angempima humo miaka kumi, asingeliona hilo.

"Unapopanda, unatupa mguu hivi tangu lini?"

"Tangu nina miaka sita. Kwetu kulikuwa na mlima."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza?" alisema Mwalimu, wakacheka wote wawili pale kwenye ngazi za maktaba, wamejiegemeza ukutani kama wanafunzi watoro.

Alivunja soli, akaanza upya. Alijaza upande wa nje, akapunguza kisigino, akaweka ngozi laini nyuma. Alimwita Mwalimu mara nne, na kila mara walipanda kilima. Mara ya nne Mwalimu aliachia mkono wake katikati ya njia bila kusema kitu, akatangulia. Alifika juu, akageuka, miwani imeshuka puani, akamngoja fundi wake, ambaye alikuwa amesimama chini na mkono mdomoni.

Mwezi uliofuata ulikuwa mkavu, haifai kuficha. Zipu ndizo zilizokuwa zikileta mboga. Mumewe alibeba nyumba, hakulalamika, ingawa siku moja alitania kwamba hata paka ameanza kutafuta kazi kwingine. Binti alikuwa akija karakana baada ya shule, anakaa kwenye benchi tupu, wanaongea. Ilitokea wakaongea mpaka mambo ya maana, yale ambayo mtoto hayasemi mpaka yasiyo na maana yaishe kwanza.

Baadaye wateja wakaanza kuja. Mwalimu alikuwa na wanafunzi aliowafundisha kwa miaka thelathini na moja, na mdomo usiostaafu. Akaja mama wa kijana aliyeungua nyayo. Akaja mpishi wa hotelini mwenye kisukari, anayesimama kutwa nzima na hasikii anapoumia. Daktari mmoja alimtuma mgonjwa na barua, kisha akaja mwenyewe kutazama. Si kwamba alitajirika. Lakini benchi halikuwa tupu tena, na kila aliyelikalia alikuwa amekuja kwa jambo ambalo yeye, peke yake, aliliweza.

Watu wa mapambo hawakukata tamaa upesi. Shangazi mmoja wa bibi harusi, mwanamke mwenye hereni kubwa na cheo, alikuja na picha za ukumbi, akazitandaza juu ya ngozi.

"Ni siku moja tu, mama. Huwezi kunikatalia mimi."

"Ni ukumbi mzuri, shangazi. Nakukatalia."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Naomba uninyanyulie picha, kuna mtu anakuja kupimwa."

Aliyekuja alikuwa refa. Alikuwa mrefu, na aliingia akiinamisha kichwa, si kwa sababu ya mlango. Mashine ya kiwandani ilikuwa imemchukua vidole vitatu vya mguu wa kulia, na tangu hapo hakuwahi kuingia uwanjani. Alisimama katikati ya karakana, soksi mbili mguu mmoja, akaeleza kwamba anaelewa kama haiwezekani, wengi wameshamwambia haiwezekani.

"Refa anakimbia vipi?" fundi aliuliza.

"Ukiongoza mchezo vizuri, kinyumenyume nusu ya muda. Ili macho yasiuache mpira."

"Basi itabidi nikuone ukikimbia kinyumenyume. Uwanja uko wapi?"

Yule bwana alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani kwao na mgeni kabisa.

"Itachukua wiki saba," alisema fundi. "Utakuja mara sita, labda saba. Mara mbili za kwanza kiatu kitakuudhi, utaniambia kinakuudhi wapi, usinifiche kwa adabu. Sikuahidi dakika tisini. Nakuahidi kwamba tutajua kwa hakika."

"Wiki saba," refa alirudia.

"Saba."

Refa akaketi kwenye benchi, akainama, akaanza kuvua soksi ya kwanza.